Shangazi wa Fidencio

Katika uwanja wa ndege wa Oaxaca, teksi ya mjini hushusha abiria lakini haipakii. Kupakia ni haki ya magari meupe ya chama chetu cha madereva. Teksi ya mjini ikikamatwa ikiwa na abiria ndani ya lango, chama huichukua. Ikivuka, adhabu humwangukia aliyeifungulia: huvua kitambulisho chake na kutoka chamani daima. Ndugu peke yake ndiye aruhusiwaye kumpokea ndugu yake. Kwa hiyo madereva wa mjini wamejifunza kuwakumbatia wageni mlangoni, wakiwaita mama na binamu, kwa machozi ambayo hata misibani hawayatoi.

Jumatatu ile zamu ya lango, tunayopokezana sisi madereva wa chama, ilikuwa ya Nicanor Zárate, mtu asiyejua kupindisha neno. Walimu waliogoma walikuwa wameifunga barabara ya kusini kwa malori, nasi tulikuwa hatuendi upande huo. Mama mmoja mwenye nguo nyeusi, aliyefika kwa ndege kutoka Tijuana, akapita gari hadi gari kwa mkongojo wake, akiomba apelekwe San Bartolo, huko huko kusini. Sote tulikataa.

"Subiri walimu washibe hasira, mama," mmoja wetu alimwambia.

Ndipo Fidencio Luría, dereva wa mjini aliyekuwa amekuja kushusha abiria, alipomrukia kwa mikono miwili.

"Shangazi! Jamani, umekonda!"

Akamwingiza garini, wakafika langoni. Nicanor ndiye aliyemsimamia binti wa Fidencio siku ya ubatizo, na tangu hapo wawili hao huitana kumpadre.

"Nifungulie, kumpadre."

"Huyo ni nani?"

"Shangazi yangu Chole."

Tukaangua kicheko. "Shangazi Chole kafufuka! Kumbe mbinguni nako kuna uwanja wa ndege?"

Nicanor hakucheka. Jeneza la Chole alilibeba kwa bega lake mwenyewe. Hata hivyo, kama yule mama angeitikia tu, Nicanor angekuwa na la kujitetea mbele ya chama. Akainama dirishani.

"Mama, huyu ni mpwa wako?"

"Sitakudanganya, mwanangu. Simjui. Mume wangu anazikwa leo saa kumi, na huyu kasema anaijua njia ya kupitia mashamba ya mikonge. Kama ni kosa, nashuka."

"Mama nawe!" Fidencio aliguna. "Si ungesema ndiyo tu!"

"Halafu nikasimame kaburini kwa uongo?"

Kicheko kikakatika. Gari lilikuwa limekwisha kukamatwa kwa kinywa cha abiria wake, na Fidencio hakuwa na riziki nyingine. Baltasar, mwenyekiti wetu, akasogea.

"Umesikia mwenyewe, Nicanor. Shika funguo zake. Ukifungua, unajua."

"Najua."

"Una watoto shuleni."

"Hilo nalo nalijua, Baltasar. Kaa, mama."

Fidencio alikuwa amekwisha kuzima injini. Akatoa funguo dirishani.

"Chukua, kumpadre. Kosa ni langu. Usinitwishe deni nisiloweza kulilipa."

"Wewe hudaiwi na mtu. Mama huyu alituomba sisi kwanza, tukamkatalia. Washa gari. Saa kumi haimngoji mtu."

Akainua kizuizi. Teksi ikatoka polepole, kana kwamba dereva wake alitaka kuitwa arudi. Hakuna aliyemwita.

Nicanor akakishusha kizuizi, akakifunga kwa komeo kama sheria itakavyo. Kisha akavua kitambulisho shingoni, akakiweka katika kiganja cha Baltasar, na funguo za gari la chama juu yake. Baltasar hakukifumba kiganja. Alituangalia sisi, mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumpinga. Nasi tukatazama viatu vyetu.

"Fumba mkono, bwana mwenyekiti," Nicanor alisema. "Sheria hii niliipigia kura."

Baltasar akafumba.