Mkia Usiongoja

Gogo lilipopinduliwa, harufu ya majani yaliyooza ilimpanda Mzee Mfaume puani. Jongoo walitawanyika, lakini alichokitaka hakikuwapo.

Tangu masika yaanze alikuwa akiupekua msitu wa Mlola kwa ajili ya mwanawe, Ussi, aliyechukuliwa na askari wa Wadachi akalimishwe pamba pasi na hiari yake. Daktari mmoja wa Kidachi, mkusanya viumbe, alikuwa amemwahidi: “Leta mnyama huyu, hata mfu, lakini mwili mzima. Mimi nasema bomani, mtoto anarudi.” Akamwonyesha picha: miguu minne, mkia, ngozi tupu yenye utelezi. Ng’ambo, alisema, hukaa chini ya magogo, hana mapafu, hupumua kwa ngozi; na kila mlima una kabila lake, huyu mgongo mwekundu, yule madoa ya fedha. Mfaume alimsabihi Mola aliyejaalia pumzi pasipo mapafu. Siku zilivyopita, tasbihi ile ikamkwama kooni.

Watu wa kijiji chake, Miburani, walimletea mijusi kafiri waliopondeka, kila mtu akijisifu kuua kwa pigo moja, apate thawabu zaidi.

“Hawa wana magamba!” alifoka.

“Mjusi ni mjusi, mzee wangu,” alicheka Kombo, jirani yake. “Au wewe wamtaka aliyesilimu?”

Hata siku moja, kando ya dimbwi la msituni, akakiona: miguu minne, mkia, ngozi tupu iliyolowa. Akakichukua ndani ya kifuu. Daktari alikuwa amekwenda Chole, na asubuhi ya pili mkia ulikuwa umepungua. Mfaume akafahamu. Alikuwa chura mchanga, hajamaliza kukua.

“Mtie chumvi afe leo, mkia ungalipo,” alisema mkewe, Somoe.

“Ni chura. Mtume amekataza kumuua.”

“Leo ana mkia. Mwenye mkia ni mjusi, na kumuua mjusi ni thawabu. Miaka yote ya darasa, mlango huo hukuuona?”

“Nimeuona. Ndio unaoniudhi.”

“Mwanangu yu nyuma yake, nawe umeshika komeo!”

Mfaume alikifunika kifuu. Alimkasirikia Mdachi, akamkasirikia chura asiyengoja, na, Mola amsamehe, akaikasirikia elimu yake, iliyomfunga pale wajinga wapitapo.

Daktari aliporudi, mkia ulikuwa kama punje ya mtama.

“Chura,” alisema, akakisukuma kifuu.

“Juzi alikuwa na mkia, Bwana.”

“Vyura wote walikuwa nao. Tafuta tena.”

“Nchi hii hayupo.”

“Tafuta.”

Mfaume alimrudisha chura dimbwini. Magogo hakuyagusa. Akashika njia ya shamba la pamba, na askari wa langoni akamzuia.

“Umeleta nini, mzee?”

“Sikuleta kitu. Nimemfuata mwanangu.”

“Rudi nyumbani.”

Mfaume alivua kanzu, akaikunja, akaiweka juu ya nyasi.

“Tuta lake ni lipi?” akauliza.