Jina Kifuani mwa Kanzu

…kusugua hapana, kusugua ndiko kulikoharibu, jana Ziada alisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka na wino wenyewe ukatanuka tu, herufi ya kwanza ikanenepa, kisha akaona hajaharibu vya kutosha akachemsha maji akayamimina yakiwa ya moto, nani alimtuma, maji ya moto yakaupika wino ukashika kwenye nyuzi kama ukoko chini ya sufuria, basi leo ni kugusa tu, pamba na spiriti, bonyeza, inua, bonyeza, inua, tena kwa upande wa ndani wa kanzu, siyo wa nje, ili wino usukumwe urudi ulikotokea, na chini imelala kanga kuukuu iliyokunjwa ya kuupokea, mlango wa chumba umetiwa komeo, dirisha liko wazi kwa ajili ya harufu, huko uani mama mkwe wake, Bi Sikudhani, anachagua mchele na jirani yao Oliva, wanazungumza sijui nini juu ya kuni mbichi, waendelee tu, wakizungumza hawabishi hodi… leo wanatoka, kabla jua halijawa kali wavulana wa Chilangala watatoka kumbini, wamepona, wamenyolewa, wameogeshwa, na kaka yake Ziada, Sharifu, ambaye ndiye mjomba mtu, atapita na pikipiki kuchukua kanzu, mwana wa Ziada atavishwa kanzu ya marehemu babu yake na siku hiyohiyo atavishwa na jina la babu, maana huku mtoto haingii jandoni akatoka na jina lilelile, la utoto linabaki porini pamoja na nguo alizoingia nazo, shuleni watamwandika wanavyojua lakini hapa kijijini atakayemwita kwa jina la zamani amemtukana, watu wazima wamepigana kwa jambo hilo, na kifuani mwa hiyo kanzu nyeupe, upande wa moyo, kwa wino mweusi wa makapeni, ule wa kuandikia magunia, pameandikwa ASHRAF.

Aliandika mwenyewe, hana wa kumsingizia, na wala hakuandika kwenye kanzu, mtu gani mwenye akili angeandika kwenye kanzu, aliandika kwenye kiroba, maana kila kitu kinachokwenda kumbini huandikwa jina, bakuli, shuka, ndala, la sivyo vinachanganyika, mwaka jana mtoto wa mtu alirudi na viatu vya mwenzake, kimoja kikubwa kimoja kidogo, watu wakacheka mpaka leo, naye Ziada akasema wangu hatachekwa, akaifua kanzu, akaikunja vizuri, akaitia kwenye kiroba, akakilaza kiroba juu ya goti na kuandika, na kwa kuwa aliona maandishi hayakukolea akapitisha tena, akakandamiza, amesahau kwamba kiroba kimesukwa na kilichosukwa kina matundu, wino ukashuka zake taratibu mpaka kwenye kitambaa, na mkono ukaandika jina uliloandika mwaka nenda mwaka rudi, kwenye sare za shule, kwenye kikombe cha uji, mkono hauna habari kwamba hilo ndilo jina lisilotakiwa kurudi nyumbani… "Mama Ashraf, hujamaliza tu pasi?" ni sauti ya Bi Sikudhani, karibu na dirisha, "Bado kidogo, mama," pasi hapana, pasi ingeupika wino mara ya pili, "Mkaa si nilikuwekea?" "Umeniwekea, mama, nakuja," na Oliva anacheka huko, "Mwache jamani, mama wa mwali leo hata chumvi na sukari hazijui," wanacheka wote wawili, nyayo zinaondoka dirishani, Mungu ampe maisha marefu Oliva na mdomo wake… bonyeza, inua, geuza pamba upande msafi, pamba chafu inarudisha ilichokichukua, hayo aliyajua ghalani, misimu ya korosho aliyofanya kibarua cha kuandika magunia, jioni viganja vyeusi, sabuni haifui dafu, karani akiwapa spiriti kwenye kifuniko cha chupa wanajipaka na wino unatoka wenyewe bila vita, kwa nini jana hakuyakumbuka hayo, kwa sababu jana aliogopa, na mwenye hofu hukimbilia nguvu… leo haogopi, anaogopa, lakini mkono hauogopi.

Alfani, mumewe, usiku alisema mtoto avishwe koti juu, koti lifunike, kwisha, wanaume bwana, koti katika jua la Newala, na mtoto akitoka jasho akalivua mbele za watu, wajomba na mashangazi wamejipanga, ngoma inalia, kifuani limekaa jina la utoto, wenzake watamwimba nalo mpaka awe na wajukuu, na Bi Sikudhani atasimama pale na nini usoni, yeye aliyezuia kanzu hii siku ya kugawa nguo za marehemu, nguo zote zikaenda, koti, makubadhi, baraghashia, kanzu hii akaikalia kwa mwili wake, akasema hii ina mwenyewe na mwenyewe bado anatambaa, kisha miaka yote hiyo anaitoa sandukuni kila baada ya mvua, anaianika kivulini, anairudisha, halafu amkabidhi mkwe wake siku mbili tu, mbili tu… hapana, itatoka, lazima itoke, A imekwisha, limebaki wingu la kijivu, S inakwenda, spiriti kidogo tena, isimwagike kwenye tarizi ya shingo, ile hariri ya zamani hatuijui tabia yake, zunguka kutoka ukingoni kuja katikati, ukianzia katikati doa linakimbia linatafuta mahali pengine pa kuishi, polepole, polepole.

Harufu hii. Anafungua kinywa apumue na harufu inaingia hukohuko, ni ile ya wodini, usiku mzima wa uchungu na asubuhi muuguzi anapita na pamba yenye spiriti anauliza mtoto anaitwa nani, na kabla mtu yeyote hajaulizwa, Alfani yuko nje, shangazi bado wako njiani, Ziada akasema Ashraf, alikuwa amelificha jina hilo tangu mimba mbili zilizoharibika, hakumwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakulitamka asije akalikosesha bahati, Ashraf, akasema, na mtoto akapiga chafya, muuguzi akacheka akasema ameitika… na S imekwisha, na H imebaki miguu tu, na mkono umesimama juu ya kanzu, pamba inadondosha tone, kwa sababu ndiyo kwanza anaona anafanya nini, tangu asubuhi anajisifu kwa ufundi na kinachofutika hapa ni jina alilompa mwanawe, analifuta mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, na anasikitika kwamba haliondoki upesi. Inamuuma, inamuuma kwelikweli, na hasira nayo inapanda, nani alimwuliza yeye, wanaume walikaa wakaamua mtoto atakuwa nani, wakamtuma mtu kuja kumwambia akiwa anatwanga, na yeye tangu kujifungua ni Mama Ashraf, hata dukani, hata msikitini, leo hii naye anavuliwa jina bila hata kupelekwa porini, ataitwa Mama… hapo ulimi unakwama, unakwama kila mara, kwa sababu jina lenyewe ni la mkwe, na mkwe hatajwi, tangu siku aliyoingia nyumba hii hajawahi kulitoa jina lile mdomoni, alimwita baba, akamwamkia kwa kupiga goti, baba shikamoo, marahaba mwanangu, basi, na sasa atamwitaje mwanawe aje kula, alishapanga, atamkwepa, atamwita baba au wewe kijana, wanawake wengi wanafanya hivyo na maisha yanakwenda.

Na mzee mwenyewe alikuwa nani, hebu useme kweli, Ziada, mwaka ule wa mimba ya tatu, bomba halitoi maji, wanawake wanashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, mzee akatoa baiskeli yake, akafunga madumu, akashuka mwenyewe, mwanamume mzima, mkwe mtu, anamchotea maji mke wa mwanawe, pale kijiweni wakamwuliza siku hizi umeolewa, akawajibu nimeolewa ndiyo na mahari nimeshakula, akapita zake, akafanya hivyo mpaka mtoto akazaliwa, hakusema neno, hakutaka ahsante, na alipoletewa mtoto amshike akauliza anaitwa nani, wakamwambia, akasema ni zuri, tumwite hivyo… alisema ni zuri, hilo Ziada alikuwa amelisahau, au hakulisahau, alilikunja akalikalia. Bonyeza, inua. Mkono umeanza tena wenyewe, H kwisha, R inapauka, na kitambaa cha chini kimelowa, lazima kisogezwe, kikilowa hakinyonyi tena, anainua kanzu kwa ncha za vidole na kuitazama kanga, na hapo ndipo anaitambua, maana asubuhi aliivuta tu chini ya godoro bila kuangalia, ni ile mbeleko, ile aliyombebea mgongoni, msemo wake umeshafutika zamani kwa kufuliwa na jua, na juu ya huo msemo uliofutika yamekaa maandishi, yametazama nyuma, yamefifia, yamerudiwa kila alipoisogeza, hapa nusu, hapa nzima, A na S na H, wino haukwenda popote, umeshuka tu, umetoka kwenye kanzu ya babu ukaingia kwenye mbeleko ya mama, ambako mtoto huyo alilala, akalia, akakojoa, na hakuna mjomba wala kungwi atakayekuja kuidai mbeleko.

Anaikunja upya, upande mkavu juu, anaitandaza kanzu tena, anaona imebaki mistari ya R, A yote, F yote, na jua limefika ukutani kwenye msumari wa kutundikia kioo, muda upo, mdogo lakini upo, hii kanga haifui, ashajua, haifui wala haitupi, ataikausha na kuirudisha chini ya godoro, na huyo kijana anayekuja, mgeni huyo aliyenyolewa, hatamkwepa, hatamwita wewe wala kijana, amemzaa mwenyewe halafu amwogope, atamwita kwa jina lake mbele ya watu, mkwe atamsamehe, mtu aliyebeba madumu hawezi kushindwa na hilo, analijaribu kwa mdomo uliofungwa, Mu… spiriti, bonyeza, inua, Muji… huko uani mchele umenyamaza, ungo umewekwa chini, nyayo zinakuja dirishani zikiburuta, mbali sana bondeni kama mlio wa pikipiki, siyo ya Sharifu, labda ni yake, "Mama Ashraf," anaita Bi Sikudhani, kisha anajirudi, na Ziada anakumbuka kwamba huyu naye miaka yote ya ndoa alimwita mumewe Baba Alfani, hata kwenye msiba, hata alipolia, hajawahi kusikika akilitaja, anamsikia anakohoa, anaanza upya kwa sauti ya mtu anayekanyaga daraja asilolijua, "Mama… Mama Mujibu," na Ziada, pamba mkononi, herufi ya R ikimalizikia chini ya vidole vyake, anasema, "Abee, mama."