Wasioamua

Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali na kunyamaza wakijibu. Aliyenijua Mombasa akisikia hivyo atacheka mpaka akae chini, kwa sababu kwetu Kuze mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kugombana na mwenye nyumba. Lakini Dubai imenifunza kufunga mdomo. Nakaa ghorofa ya tatu, Oud Metha, hedfoni kichwani, nikiwapigia simu Wamarekani wasiojua wampigie nani kura.

Si Wamarekani wote. Ni wa jimbo moja, Pennsylvania, kwa sababu huko, tulivyoelezwa, vyama viwili vinakimbizana bega kwa bega, na wachache wasioamua ndio watakaoipeleka nchi nzima huku au kule. Tunawapigia watu walewale kila baada ya wiki mbili, na kila mmoja ana mpigaji wake. Mteja anayelipia utafiti huu anataka mtu mmoja asikie sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha sauti, anasema, umeharibu utafiti.

Swali kubwa ni la matibabu. Je, bima ya afya ibaki kwa mwajiri kama ilivyo sasa, au serikali imtibu kila mtu, awe na kazi asiwe nayo? Nalisoma neno kwa neno, sauti haipandi wala haishuki. Majibu ni manne: mwajiri, serikali, hajaamua, amekataa kujibu. Siruhusiwi kutoa maoni yangu, na siruhusiwi kusema niko wapi. Jina langu ni Huda, lakini kwenye simu naitwa Heidi, na nimeshalizoea.

Bi. Carol alikuwa wangu. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfungashaji wa nyama kiwandani. Mara ya kwanza alijibu "mwajiri" kwa ukali, utadhani nimemtukana. Bima yake ameitolea jasho, alisema, kwa nini wagawiwe watu wanaolala mchana? Nilimpenda papo hapo, maana hata mama yangu angejibu hivyo hivyo. Kisha kiwanda kikafungwa, na simu iliyofuata akasema hajaamua. Baadaye akapata kazi dukani. Akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba bima ya pale inaanza baada ya miezi mitatu, na kwamba kuna maumivu ya kifua ambayo ameyaambia yasubiri. Akacheka. Nilitaka kumwambia, ewe mama, kifua hakiambiwi kisubiri! Badala yake nikasoma swali lililofuata.

Wakati huohuo kulikuwa na Dorcus. Anakaa meza ya jirani yangu, na chumbani kwetu Discovery Gardens kitanda chake kiko juu ya changu. Ni Mganda wa Masaka, mlokole, mtu wa adabu kupita kiasi. Akijigonga kwenye kiti anakiomba radhi. Ijumaa moja asubuhi alinishika mkono akauweka ubavuni mwa ziwa lake, karibu na kwapa. Vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, kama kokwa ya tende.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Kitambo kidogo."

"Dorcus! Na kliniki iko chini ya ofisi, ngazi mbili tatu tu?"

"Sister, ngoja kwanza. Contract yangu inaisha mwezi ujao. Nikienda, ofisi wataona kwa insurance. Wewe hukuona Teopista?"

Teopista, mwenzetu wa ofisini, nilimwona. Aliugua figo, akaitumia bima mpaka ikachoka, na mkataba wake ulipoisha haukurudi. Hakuna aliyetamka sababu, na sote tuliielewa.

"Waki-renew tu, siku hiyo hiyo naenda," Dorcus akasema. "Nakuahidi, bambi," akaongeza, kwa Kiganda chake cha kubembeleza.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kunywa chai. Nilimnunia siku mbili. Naye akawa ananiombea kila asubuhi, kwa sauti, nisikie.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa ya raundi ya mwisho kabla ya uchaguzi. Huku adhana ya Magharibi inalia, kule ndiyo kwanza wanakunywa kahawa ya asubuhi. Nilipiga namba ya Bi. Carol, ikapokewa na sauti changa.

"Naomba kuzungumza na Carol."

"Mama amefariki. Tumemzika Jumamosi."

Neno langu lilikuwa "pole", na Kiingereza hakina pole. Nikasema samahani, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake.

"Ni moyo," binti akasema. "Nilimwambia aende hospitali. Akasema anangoja bima ya dukani ianze, zimebaki wiki mbili tu. Wewe ni Heidi? Alikuwa akikutaja. Alisema wewe tu ndiye unayemwuliza anaonaje."

Nikafungua ukurasa wake kwenye skrini.

"Na lile swali la bima, mara ya mwisho alikuambiaje?" binti akauliza.

"Alisema hajaamua," nikasema.

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata au iliteleza.

Kwenye skrini, majibu manne yalikuwa yananingoja. Hakuna kitufe cha marehemu. Nikainua mkono, akaja Raed, msimamizi wetu, Mjordan mwembamba asiyekaa kitini.

"Huyu amekufa," nikamwambia.

"La hawla wala quwwata," akasema, na naamini ilimtoka moyoni. Kisha akatazama saa. "Umebakisha wangapi?"

"Raed, mtu amekufa. Niandike nini?"

"Mteja hataki pengo. Jibu lake la mwisho ni nini? Hajaamua? Weka hajaamua. Khalas, Huda. Yalla, piga wa pili."

Nikabonyeza. Nikageuza shingo kumtafuta Dorcus, nimwambie, na nikamwona anamshukuru mzee wake wa Pennsylvania kwa upole wake wote, huku mkono wa kushoto umeingia kwapani unapapasa. Hakujua hata kama anapapasa. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na simu. Nikaona wanawake wawili wanangoja kitu kimoja, na mmoja keshazikwa.

Nikavua hedfoni. "Simama."

"Huda, niko na mtu kwa line..."

"Mwambie kwaheri. Simama, au wallahi nakubeba."

Akasimama. Nadhani aliniogopa. Tulishuka ngazi, mimi mbele nimemshika mkono, yeye nyuma akiwaomba radhi tuliopishana nao.

Kliniki ya chini, mapokezini anakaa Hashir, kijana wa Kerala anayetujua sote kwa majina na ofisi zetu. Huku kadi ya bima ni kitambulisho chako cha ukaazi; unakitoa, wanakisoma, basi. Dorcus akatoa chake kwa mikono miwili. Hashir akakisoma. Akakifuta kwa shati lake, akakisoma tena.

"Sister, haifanyi kazi. Imefungwa tangu mwanzo wa mwezi uliopita."

"Hapana," Dorcus akasema taratibu. "Mimi bado niko kazini. Hata sasa niko kwa shift."

"Inasema imefungwa, sister."

Siku zote hizo! Siku zote alizoilinda bima ile asiiguse, alizolala na lile donge ili ofisi isimwone, hapakuwa na bima ya kulinda. Dorcus aliweka kiganja juu ya kaunta kama anayetafuta ukuta gizani. Mimi nikadhani wameshamwondoa kazini kimya kimya, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikatupa kitambulisho changu juu ya kaunta.

"Soma hiki. Mimi mkataba wangu una mwaka mzima mbele."

Hashir akasoma. Hakuniangalia usoni. "Na yako pia, sister Huda."

Hapo ndipo Raed aliposhuka, pumzi juu juu. "Mmewaacha watu kwenye laini! Mnajua kesho mteja..."

"Mpe Hashir kitambulisho chako," nikasema.

"Nini?"

"Mpe."

Akacheka, akakitoa, akakirusha mbele ya Hashir kama mtu anayewabembeleza watoto. Mkewe Fairuz ana mimba ya miezi minane. Tulishamchangia hata nguo za mtoto. Hashir alisoma, kisha akaigeuza skrini. Raed alisoma mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona amekaa kitini.

Tuliporudi juu habari ilikuwa imetutangulia. Watu wamesimama, hedfoni shingoni, sauti za Wamarekani zikiita "halo? halo?" humo ndani kama wadudu. Ghorofa nzima ya watu, kutwa kuchwa wanawauliza wageni habari za bima zao, na hakuna hata mmoja mwenye bima. Kuna aliyecheka, kicheko kibaya, na mwenzake akaanza kulia.

Akaja Mista Yasir mwenyewe, mwenye kampuni, na manukato yake yakiwa mbele. Yeye ndiye kafeel wetu. Visa zetu zote ziko mkononi mwake.

"Jamaa zangu, ni process tu," akasema. "Baada ya uchaguzi, inshallah, kila kitu kitakaa sawa. Sasa yalla, mezani. Mteja anataka namba zake kesho."

Hakuna aliyekwenda mezani, na hakuna aliyethubutu kusema. Hata mimi, mgomvi wa Kuze, nilikuwa nauma ulimi. Ndipo Dorcus akapiga hatua mbele. Sauti yake ilikuwa ya kazini, haipandi wala haishuki.

"Sir, nitakusomea swali moja na majibu manne. Tafadhali chagua lililo karibu zaidi na maoni yako. Insurance ya wafanyakazi itafunguliwa lini? Usiku huu. Kesho. Baada ya uchaguzi, wakati contract za wengine wetu zimeisha. Au hujaamua."

"Dorcus, huu si wakati wa..."

"Naweza kurudia swali, sir."

Mista Yasir akatazama huku na huku, akitafuta wa kumsaidia. Akamtazama Raed. Raed alikuwa anatazama zulia.

"Asante kwa muda wako," Dorcus akasema. "Nimeandika: amekataa kujibu."

Akachukua hedfoni yake alipoiacha, akakunja waya wake vizuri kama afanyavyo kila akimaliza kazi, akaiweka mezani. Nami nikakunja yangu. Kisha, mmoja mmoja, meza zikajaa hedfoni, na ya mwisho ilikuwa ya Raed. Mista Yasir alizitazama. Mtu mmoja, sauti moja. Hakuwa na mwingine wa kuwapigia watu wetu, na mteja alikuwa anangoja. Akatoka na simu sikioni, akizungumza Kiarabu cha kubembeleza.

Kesho yake kabla ya Adhuhuri Hashir alitupigia: zimefunguka, zote, na wenzetu wakarudi mezani. Alizifunguaje mtu yule kwa usiku mmoja sijui, ila nilijua basi kwamba angeweza tangu zamani, na hilo lilinichoma zaidi. Daktari wa kliniki, Msudani, alimgusa Dorcus mara moja tu, akamwandikia hospitali siku ileile. Ilikuwa saratani. Bado ndogo, walisema, imekaa mahali pamoja, lakini isingekaa hapo muda mrefu. Dorcus alilipokea neno lile bila kulia, akamshukuru daktari. Aliyelia ni mimi, mpaka nesi akanitoa nje.

Wakampasua wiki hiyo hiyo. Mkataba wake haukurudi, kama alivyojua tangu mwanzo, lakini kisu kilitangulia. Dawa zilizobaki atazitafuta Kampala, ambako, kwa maneno yake, hospitali ni bure na dawa ndizo hakuna.

Nilikwenda kumwona siku mbili kabla ya uchaguzi, na uji wa tende kwenye chupa ya chai. Alikuwa ameegemea mito, bandeji imemzunguka kifua, anatazama televisheni ya ukutani. Mtangazaji alikuwa mbele ya ramani ya Pennsylvania. Nikazitambua zile namba. Ni zetu, tulizozikusanya sisi. Asilimia nne ya wapiga kura wa jimbo hilo, alisema mtangazaji, bado hawajaamua, na macho ya dunia yako kwao.

"Hao si watu wetu?" Dorcus akaniuliza.

"Ndio."

"Na yule mama yako wa kiwandani, uliyeniambia amefariki? Mlimtoa kwenye namba?"

Nikatikisa kichwa: hapana.

Dorcus akaitazama tena ramani, mkono juu ya bandeji yake, macho yamemtoka. "Banange, Huda," akasema. "Kumbe bado wanamngoja."