Si Mwanafunzi Wenu Tena

Ulimwona, usiseme hukumwona. Mtoto wa miaka minane, mwezi wa Novemba, mvua ya mji wetu wa Harrowclough, Uingereza, ile isiyonyesha wala isiyokatika, naye amesimama nje ya duka la mapai bila koti. Wewe ulikuwa ndani kwenye foleni. Ulimtazama kupitia kioo, kisha ukayatazama mapai. Hiyo ndiyo desturi ya mji huu. Viwanda vya pamba vilipofungwa, tuligeuza shingo. Ukumbi wa vijana ulipofanywa maegesho ya magari, tuligeuza shingo. Mtoto mmoja ni nani hata tumtazame?

Hazel Ormerod alimtazama. Alikuwa naibu mwalimu mkuu katika shule ya msingi kule kilimani, na jukumu lake kubwa lilikuwa usalama wa watoto. Mwalimu akiona alama mwilini mwa mtoto, au akisikia neno la kutia shaka, alilipeleka kwa Hazel, na Hazel ndiye aliyeamua la kufanya. Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya mipira, na harufu haijatoka mpaka leo. Watoto waliingia bila kubisha kwa sababu ya biskuti.

Marnie, yule mtoto wa nje ya duka, aliingia akala kama anayekimbizwa. Biskuti nyingine akazisukumia ndani ya mkono wa sweta.

"Sikio lako limepatwa na nini, kipenzi?" Hazel aliuliza. Nyuma ya sikio palikuwa pamevilia damu.

"Nilianguka kwenye ngazi."

"Nyumba yenu haina ngazi."

"Za kwa bibi."

"Bibi yako anaishi kwenye nyumba ya magurudumu, Marnie."

Mtoto akafikiri. "Ina ngazi moja," akasema.

Hazel alishindwa kujizuia, akacheka, na Marnie naye akacheka, mapengo wazi. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia chakula cha mchana, "Mwalimu, Ijumaa inaweza isije?" Ijumaa ndiyo siku ambayo Craig, mume wa mama yake, hakuwa akienda kazini.

Hazel hakuchimba zaidi. Kazi ile ina miiko yake: mtoto hahojiwi kama mwizi. Ina pia desturi ya kiungwana: kabla hujaipigia simu halmashauri, idara yake ya ulinzi wa watoto, mwambie mzazi, asije akajiona amesalitiwa. Isipokuwa pale ambapo kumwambia kutamponza mtoto. Hapo unafunga mdomo, unapiga simu, unamkalisha mtoto shuleni hadi wafike. Hazel aliwafundisha wenzake hayo kila Septemba, mwaka wa shule unapoanza.

Lakini mama mwenyewe alikuwa Leanne. Hazel ndiye aliyemfundisha Leanne kusoma, na hata kufunga kamba za viatu. Akajiambia, huyu nikimweleza atamshika mwanawe mkono aje upande wetu. Akamngoja langoni saa ya watoto kuchukuliwa, akamweleza.

"Hata wewe, Mwalimu?" Leanne alisema. "Nilidhani wewe ni mtu wangu."

"Mimi ni mtu wako. Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza."

"Basi usimwambie mwingine."

"Siwezi, mwanangu. Napiga simu leo hii. Ingia ndani, tupige pamoja."

Leanne alipiga hatua moja kuelekea ndani. Hazel aliona kabisa kwamba alikuwa karibu kuingia. Ndipo simu ikalia mfukoni mwa Leanne. Akalisoma jina, uso ukajifunga. "Twende, Marnie."

Kule halmashauri simu ilipokewa na kijana mpole. Alisikiliza yote, akasema jambo hilo halijafika kiwango cha dharura. Angetumwa mtu wiki ijayo.

"Kiwango gani?" Hazel aliuliza. "Mnasubiri sikio la pili?"

Jumatatu Craig alikuja mwenyewe, Leanne nyuma yake. "Tunamtoa. Atasomea nyumbani. Sheria inaturuhusu, au siyo, bosi?"

Bwana Pilling, mwalimu mkuu, alisugua miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. "Inawaruhusu."

"Utamfundisha nini?" Hazel akadakia.

"Adabu, bibi. Ninyi hapa imewashinda."

Kabla ya chakula cha mchana jina la Marnie lilikuwa limefutwa darasani. Sheria ya Uingereza hiyo: mbwa ukimfuga vibaya watakuja kukuuliza, mtoto unamfungia ndani ukisema unamsomesha.

Hazel alikwenda kugonga nyumbani kwao. Pazia lilicheza, mlango haukufunguliwa. Mtu wa halmashauri naye alikwenda, akaambiwa mtoto amelala, akaondoka. Hazel akapiga simu, akapiga tena, mpaka yule kijana mpole akachoka. "Bi Ormerod, huyu si mwanafunzi wenu tena."

Akamwendea Bi Nuttall, jirani wa akina Marnie, ukuta kwa ukuta.

"Tunasikia, mpenzi," Bi Nuttall alisema, akiushikilia mlango usifunguke zaidi. "Ukuta wenyewe karatasi. Lakini kila mtu na nyumba yake. Nikisema leo, kesho tofali linaingia dirishani kwangu."

Ilikuwa Februari Bi Nuttall alipowaita polisi. Walipomwuliza kwa nini siku hiyo na si nyingine, alijibu, "Kelele nilikwishazizoea. Kimya ndicho kilichonitisha."

Marnie walimtoa akiwa hai. Alilazwa hospitali, kisha akapelekwa kwa walezi katika jimbo jingine, na Hazel hajui zaidi ya hapo. Alipiga simu kuuliza kama mtoto anasikia kwa sikio lile. Aliyepokea hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Siruhusiwi kukwambia, mama. Wewe si mhusika."

Halmashauri ikatangaza kwamba wamejifunza. Wamekuwa wakijifunza tangu Hazel alipokuwa mtoto wa kusukwa mikia miwili.

Septemba alisimama tena mbele ya walimu. Alipofika kwenye ile desturi ya kumwambia mzazi kwanza, aliziweka karatasi zake chini. Mwalimu mmoja mgeni akauliza, "Na kama mzazi mwenyewe ni mtu unayempenda?"

"Hapo," Hazel alisema, "ndipo upige simu upesi zaidi."

Nawe unayesoma, iko nyumba unayoijua. Usikingoje kimya. Weka chini maandishi haya, shika simu, piga sasa hivi. Bora ukosee uonekane mmbeya. Mtaje mtoto. Kama jina lake hulijui, taja mlango.