Aliyeandikwa Babu

Tangazo lile niliandika mwenyewe, Jumapili jioni, Deta amelala mapajani mwangu. Mimi ndiye katibu wa wazazi wa darasa la pili. Walinichagua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na kwenye kikao cha kwanza nilisoma muhtasari bila kukwama. Tangu hapo mwalimu mkuu akiwa na habari ananitumia kwa mkato, mimi naipanga vizuri na kuirusha kwenye kundi la simu.

"Ndugu wazazi na walezi. Mamba ameonekana mara mbili wiki hii karibu na mawe ya ziwani, chini ya shule. Kuanzia kesho hakuna mtoto atakayeondoka peke yake. Atakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye daftari la darasa, basi. Ambao hawajakamilisha, waandike majina matatu kamili. Tusiandike 'anko', tusiandike 'dada wa kazi'. Usalama wa mtoto unaanza na mimi na wewe."

Ile sentensi ya mwisho niliipenda, niliisoma mara tatu. Yasmin, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Pasiansi, Mwanza, akajibu kundini: "Katibu leo kashika fimbo." Watu wakacheka.

Nami nikacheka. Lakini kwenye daftari hilohilo, chini ya jina la Odeta Obedi Chenge, mstari wa kwanza niliandika jina langu, wa pili la Yasmin, na wa tatu neno moja tu: Babu.

Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake. Haliandiki pia, maana kuandika ni kutamka kwa mkono. Hata cheti cha kuzaliwa cha Deta tulijaza jina la ukoo mwishoni badala ya la babu yake, nisije nikajikwaa kliniki. Nilivyomweleza Yasmin, yeye ni wa mjini, wazazi wake wamefanya biashara ya vitambaa miaka yote, alijishika mbavu.

"Kwa hiyo mama Deta, nyumba ya mzee ikishika moto utapiga kelele gani? 'Jamani, mwokoeni yule'?"

"Nitasema baba yake Obedi."

"Na akina Obedi wakiwa kumi?"



Fomu ilipokuja mwanzoni mwa muhula, mume wangu alisema, "Mwandike na mzee. Siku akija mjini aone mjukuu wake." Nikaandika Babu, nikaacha nafasi mbele yake ili Obedi ajaze. Lakini Obedi anafanya kazi kwenye vizimba vya kufugia samaki, huko ndani ya maji. Anaondoka alfajiri, anarudi na boti ya saa kumi na mbili jioni amechoka hata kijiko hakishiki. Siku ya mwisho ya fomu alikuwa ameshatoka. Nikaipeleka vilevile. Mwalimu Wilhelmina aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Babu nani?"

"Baba mkwe wangu, mwalimu. Baba Odeta atakuja kujaza."

Akatabasamu, akaipokea. Muhula ukaenda, nafasi ikabaki nyeupe. Mzee mwenyewe anaishi ng'ambo, Sengerema, na hajawahi kuja bila kumtumia mwanawe taarifa. Nilijiambia hakuna haraka.

Jumatatu niliingia zamu kiwandani, tunakosafisha minofu ya sangara. Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka tutoke. Saa tisa alasiri nikavua buti, nikafungua kabati, nikakuta Yasmin amepiga mara kumi na nne.

Mtu akikupigia mara mbili ana shida. Kumi na nne, sikungoja hata kunawa mikono, nikampigia.

"Mama Deta, uko wapi wewe?" Alikuwa anahema. "Nimefika saa nane kuwachukua watoto, naambiwa Deta ameshaondoka. Kachukuliwa na babu yake."

"Babu gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe! Baba mkwe wako kaja?"

"Hajaja. Hatujaambiwa. Umeangalia nyumbani?"

"Nyumbani kumefungwa. Nimezunguka hadi dukani. Safia wangu ninaye hapa, anasema mzee alimshika Deta mkono wakaondoka zao."

Nilikimbia. Kutoka kiwandani hadi shuleni si mbali, lakini siku hiyo njia ilikuwa ndefu. Nikampigia Obedi, hapatikani; kule vizimbani mtandao huja na upepo na kuondoka nao. Namba ya mzee ninayo? Sina. Anayo Obedi. Mkwe ana kwa ana humtazami, na simu humpigii. Salamu zake huja kwa mwanawe na zangu hurudi kwa mwanawe.

Mwalimu Wilhelmina alikuwa bado darasani na Yasmin, daftari wazi mezani. Alikuwa amelia, au alikuwa karibu.

"Mama Odeta, naapa nilifuata daftari. Alisema yeye ni babu. Nikamuuliza Odeta, 'Unamjua?' Akasema, 'Ni babu.' Nikaangalia hapa, kweli imeandikwa Babu. Kwa mwandiko wako."

Nilitazama lile neno. Herufi nzuri, zimelala vizuri juu ya mstari, na mbele yake nafasi nyeupe ambayo mzee yeyote wa Mwanza nzima angeweza kuingia na kukaa. Deta humwita babu kila mwenye mvi. Muuza karanga ni babu. Mlinzi wa msikitini ni babu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, nikaita adabu.

"Yukoje, mwalimu? Sura yake?"

"Mrefu, mweusi, kofia ya pama, fimbo. Amevaa koti."

"Mwalimu, wazee wote wana pama na fimbo!"

"Na wewe baba mkwe wako yukoje?" Yasmin akaniuliza.

Nimemwona mzee yule mara tatu maishani, zote nikiwa nimepiga goti, macho chini. Ukinionyesha uso wake sokoni nitaupita. Ninachokijua ni miguu yake: vidole vipana, na makatambuga ya tairi, la kushoto limeshonwa kwa waya wa shaba.

"Viatu vyake mlivitazama?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekabidhi kitu kibaya, "Kuna jambo moja. Kabla hajaingia getini aliniuliza, 'Mama wa mtoto yupo hapa?' Nikamwambia hayupo, yuko kazini. Akasema, 'Afadhali.'"

Yasmin akajishika mdomo.

Afadhali. Mtu gani anayemchukua mtoto wa watu anashukuru mama hayupo? Nikaona mawe ya chini ya shule, maji ya kijani yakipanda na kushuka katikati yake. Deta hajui kuogelea. Asubuhi nilimsuka nywele haraka, akalalamika namvuta, nikamwambia anyamaze.

Nikatoa simu. Vidole vikaandika vyenyewe, maana vimezoea: "DHARURA. Mtoto Odeta wa darasa la pili amechukuliwa shuleni kabla ya saa nane na mzee asiyejulikana anayejiita babu. Mrefu, kofia ya pama, koti, fimbo. Atakayemwona amzuie na kupiga namba hii." Nikatuma. Wazazi tisini na sita. Tiki zikawa bluu moja baada ya nyingine.

Tukashuka hadi kwenye mawe, mimi na Yasmin, Safia akijiburuza nyuma yetu. Niliita "Deta!" mpaka koo likakauka. Ndege weupe wakaruka, wakarudi kukaa. Hakukuwa na kiatu, hakukuwa na begi. Sikujua kama hiyo ni habari njema.

Simu ikalia kundini. Ilikuwa sauti ya Nurudin, mume wa Yasmin, anayeuza barafu mwaloni, pale boti zinaposhushia samaki. Nyuma yake kelele za watu.

"Jamani wazazi, tumempata! Yuko hapa mwaloni, amekaa na mtoto kwenye ubao, karibu kabisa na maji. Mtoto mzima, ana sare, anakula muhogo. Nimemuuliza huyu mzee, mtoto wa nani? Anasema mjukuu wangu. Nikamwambia, mama yake anaitwa nani? Kimya. Nimeuliza mara tatu. Anatazama chini tu. Mjukuu wako halafu mama yake humjui jina? Huyu ni mwizi wa watoto, na vijana hapa wamepandwa na hasira, siwezi kuwashika wote."

Ikafuata picha. Deta kabebwa na mwanamke mmoja, muhogo mkononi, analia. Mzee amezungukwa na miguu ya watu, kofia imeanguka, uso kauficha kwa kiganja. Na chini ya picha, nusu imekatwa, katambuga la kushoto. Nilivuta picha kwa vidole viwili mpaka waya wa shaba ukaonekana.

Lakini kusema kweli nilikuwa nimeshajua kabla ya waya. Nilijua aliponyamaza. Hata mimi nililikwepa jina vivyo hivyo mbele ya mwalimu. Kama mkwe hamtaji mkwe, basi na yeye hanitaji. Aliuliza kama nipo ili asije akakutana nami uso kwa uso mbele ya watu. Nyumbani hakwenda, kwa sababu mwanawe hayupo na baba mkwe haingii nyumba yenye mke wa mwanawe peke yake. Akamchukua mjukuu, akaenda kungoja pale boti ya Obedi inapotia nanga. Kila hatua yake ilikuwa ya heshima. Na mimi nimemtangaza.

"Mpigie mumeo!" nilimwambia Yasmin.

"Simu yake inatumika. Anaongea na watu. Mama Deta, sema kitu kundini, watamuua!"

Nikaanza kuandika, "Mwacheni, huyo ni baba yake..." nikafuta. Baba yake Obedi. Akina Obedi mwaloni ni wangapi? Watasema ni mzee mwingine. Walishaambiwa ni babu, na neno babu halikumsaidia. Nikabonyeza kinasa sauti. Mdomo ulikuwa mzito kama umetiwa udongo. Miaka minane sijalitamka, hata peke yangu, hata usingizini.

"Nurudin, ni Mama Odeta. Mwacheni huyo mzee. Asiguswe. Anaitwa Luhaga. Luhaga Kashindye Chenge, wa Sengerema. Ni baba mkwe wangu mimi Selina. Hakunitaja jina kwa sababu kwetu ni mwiko, na mimi sikumwandika jina lake shuleni kwa sababu hiyohiyo. Kosa ni langu. Mwiteni kwa jina lake, ataitika. Luhaga."

Nikaachia. Yasmin alikuwa ananitazama kama aliyeniona nikivua nguo.

"Umelisema," alinong'ona. Hakucheka.

Bodaboda ilitupeleka mwaloni wote watatu. Njia nzima nilisubiri simu ilie, haikulia, na kila dakika ilikuwa na picha yake. Tulipofika watu walikuwa bado wamejaa, ila walikuwa wamefungua duara. Nurudin alikuwa anapangusa vumbi kwenye kofia ya pama kwa kiwiko chake. Wale vijana walikuwa wametawanyika kwenye boti, kila mmoja amepata kazi ya ghafla.

Deta akanirukia. Nikamnusa kichwa, nikamshika mikono, miguu, nikamhesabu vidole kama siku aliyozaliwa.

"Mama unaniumiza," alisema. "Babu alitaka tumsubiri baba. Hatukukanyaga maji, nilimwambia kuna mamba, akasema tukae kwenye ubao."

Nikapiga goti pale pale kwenye magamba ya samaki, macho chini. Makatambuga yalikuwa mbele yangu. Juu ya kidole gumba cha kushoto palikuwa na damu kidogo, mtu alimkanyaga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Sikujua niombe radhi ipi kwanza: ya kumtangaza, ya kumfanya akanyagwe, au ya kumtamka. Machozi yakadondokea kwenye magamba.

Akakohoa. Hakusema nami, alimgeukia Deta, kama ilivyo desturi, ila alipaza sauti nisikie vizuri.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako nilipoitwa na yule wa barafu, niliitika. Vijana walishaokota mawe. Nilisikia jina langu kwenye simu, nikainua kichwa, nikasema, 'Naam, ndiye mimi.' Wakayaweka chini."

"Mama, babu anasema..."

"Nimesikia, Deta."

"Mwambie pia," mzee akaendelea, taratibu, "nilikuja kwa daktari wa macho. Sikutuma taarifa, nalo ni kosa langu. Na mwambie, kwenye hilo daftari aliandike jina langu. Nimemruhusu. Mtoto asipotee kwa sababu ya heshima yangu."

Kesho yake, kabla ya zamu, nilikwenda shuleni. Obedi alisema ataenda yeye, nikamwambia hapana. Mwalimu Wilhelmina akafungua daftari, akanipa kalamu, akajifanya anapanga chaki. Nafasi ilikuwa pale pale. Nikaandika herufi ya kwanza, mkono ukasita, nikatazama dirishani. Deta alikuwa mstarini na wenzake, ananipungia.

Nikaandika yote matatu.