Alama za Mkongojo Mmoja

Siku ile mjinga alikuwa Brayo, na mwenyewe hakatai. Na alianza kwa kumcheka Nehemiah mpaka mbavu zikamuuma.

Wote wawili ni Wakenya, wafanyakazi wa jumba la theluji hapa Riyadh. Nje jua linachoma lami. Ndani watu wanavaa makoti na kuteremka mlima wa kutengenezwa juu ya mbao za ski. Adhana ya adhuhuri ikilia, wateja hutolewa, Waislamu huenda kuswali, na hawa wawili, watu wa kanisa, huachiwa kazi: walainishe mlima, wahakikishe uko mtupu, wawashe mashine ya kumwaga theluji mpya. Baridi ya mashine hiyo si ya mchezo. Aliyesahaulika humo haamki.

Nehemiah aligoma kuiwasha.

"Kuna mtu ndani."

"Mtu gani, buda? Kila mteja huacha viatu kabatini. Unaona kiatu? Hakuna! Mafi kiatu, mafi mtu. Yalla, bonyeza!"

"Angalia kwa kioo."

Brayo akaangalia. Theluji aliyoilainisha kwa mkono wake, sasa hivi tu, ilikuwa na mistari miwili ya ski kutoka kileleni. Kando yake vitundu vya mkongojo, upande mmoja tu. Wateja hushika mikongojo miwili. Wa mmoja ni wale wazee wa zamani waliotundikwa ukumbini, kwenye picha za historia ya mchezo huo, ambazo Brayo huzipangusa vumbi kila asubuhi.

Hata hivyo mdomo wake haukunyamaza. "Ni babu wa kwenye picha! Amechoka kuning'inia. Muulize kama ana ikama, kibali cha kukaa hapa."

"Cheka tu."

"Wewe una onyo moja tayari. Bosi akikuta mashine imelala, leo leo unapelekwa uwanja wa ndege."

"Wacha nirudi Vihiga mikono mitupu. Sigandishi mtu."

"Sawa, mimi naenda kumtafuta huyo mtu wako, halafu utaniomba msamaha!"

Akaingia. Ukungu ulikuwa umelala chini, na pumzi yake aliisikia kama ya mtu mwingine. Mistari ilifika katikati ya mteremko ikakoma. Hapakuwa na alama ya kuanguka wala nyayo za kuondoka. Akageuka kurudi, na nyuma yake mbao zikaanza kukwaruza theluji, polepole, zikishuka. Aliposimama, nazo zikasimama.

Hakutazama nyuma. Hakukimbia pia, hilo anaapa mpaka leo. Akafika mlangoni, akausukuma, akatoka, akajibanza kando kidogo akiushika wazi, kisha akauachia ujifunge.

"Si nilikwambia?" akafoka, meno yakigongana. "Nimezunguka kote. Hakuna mtu! Bonyeza!"

Nehemiah alikuwa amesimama mbali na swichi, akiutazama mlango.

"Kama hakuna mtu," akasema, "huo mlango wewe ulikuwa unamshikia nani?"