Usukani wa Haruni

Hapa Bungu watu walikuwa hawajaona gari moshi. Walizoea malori ya Kilwa na vumbi lake, basi. Ndiyo maana Haruni akatuona sote mazuzu. Alikuja kumposa binti yangu Mwajabu, akasema kazi yake huko Darisalama ni dereva wa gari moshi, Mwingereza mwenyewe kamkabidhi. Mume wangu Sadala, ambaye hata baiskeli ilimshinda, akapagawa.

Basi huyo Haruni, badala ya kushika jembe awasaidie wakwe palizi, akakaa kwangu akaunda gari moshi la mchezo. Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa. Reli akachonga kwa fito za mkandaa alizoagiza kule delta kwenye mikoko, akazizungusha mbele ya nyumba mpaka zikarudi zilikoanzia. Mabehewa akakata kwa madebe ya mafuta ya taa, na magurudumu ni vile vigurudumu vya mti vinavyozungushiwa uzi, aliviokota kwa fundi cherehani. Kwenye bomba akatia kumbi la nazi lenye moto, moshi ukatoka. Kila siku analiongezea kitu: leo taa, kesho ndoano za kuungia mabehewa, halafu stesheni yenye paa la bati. Kulisukuma analisukuma kwa kijiti. Watu wakaja toka Ruaruke kushangaa upuuzi huo, na Sadala kakaa katikati yao anawaeleza habari za reli asizozijua.

Siku moja napeta mpunga, nikamwuliza, "Haruni, wewe humo unakaa wapi?" Maana kichwa cha gari kilikuwa kipande cha mti kizima, hakina hata tundu.

Akababaika. "Bado sijakimaliza, mama."

Kesho yake akakichimba, akaweka kiti, na mbele ya kiti akaweka usukani wa waya, mviringo, sawa na wa lori. Bwana Shauri wa Utete, yule mkuu wa wilaya, alipita, akainama kuutazama ule usukani, akacheka mpaka akafuta machozi, akaenda zake. Sadala akasema, "Umeona? Mzungu kafurahi." Kilemba cha ukoka kilimkaa sawasawa.

Mimi gari moshi sijapanda, lakini akili ninazo. Nikamwita mume wangu jikoni. "Baba Mwajabu, lile gari si linafuata reli? Reli ikipinda, nalo linapinda. Sasa dereva anazungusha usukani wa nini?"

Nikaona ameelewa, uso ulimshuka. Kisha akasema, "Nimeshawatangazia watu kwamba mkwe wangu dereva. Unataka nichekwe?"

Yaani binti yake aolewe na mwongo ili yeye asichekwe. Nilimdharau siku ile kuliko nilivyomdharau Haruni. Mwajabu alikuwa pale pale anakuna nazi, hakuinua kichwa.

Siku ya ndoa ikafika. Wanaume wamejaa mbele ya nyumba, gari limepanguswa linang'aa. Shekhe na mashahidi wakaja mlangoni kumwuliza Mwajabu kama ameridhia. Desturi yetu, mwali akinyamaza, ameridhia. Sadala alisimama nyuma ya shekhe, midomo inamcheza, anaomba binti yake anyamaze.

Mwajabu akasema nyuma ya pazia, "Shekhe, bwana harusi ni dereva, na gari lake lina usukani. Alipindishe lije hapa kizingitini, nami nitaridhia."

Watu wakalipenda lile neno, wakampisha Haruni. Akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akauzungusha usukani kuelekea mlangoni, akasukuma kwa kijiti. Gari likaupita mlango, likazunguka na moshi wake, likarudi stesheni. Akauzungusha tena mpaka waya ukapinda. Likapita tena.

Vicheko vikakatika. Shekhe akamwuliza polepole, "Kijana, kazi yako hasa ni nini?"

"Nauza kahawa stesheni," akasema Haruni, bado yuko magotini.

Kuuza kahawa kuna aibu gani? Mjinga yule angesema hivyo siku ya kwanza, ningemkaribisha chai.

Sadala akawageukia watu, kifua mbele. "Mimi," akasema, "nilishamtilia shaka zamani."

Hapo ndipo Mwajabu alipofunga mlango.